Eda na Muziki wa Mashine

Niseme mapema tusije tukapotezeana wakati: sijawahi kushika maneti, kile kidude cha vifungo wanachokumbatia wanaocheza michezo ya televisheni. Sijui kumrusha mtu juu ya shimo, sijui kupiga mpira wa kwenye kioo, na ukinipa gari la mchezo nitalitia mtoni kabla hujapepesa macho. Lakini nifunge kitambaa usoni, niwekee muziki wa mchezo wowote wa zamani, nitakuambia anayecheza yuko wapi. Anatembea, au amekwama, au anapigana na mkubwa wa maadui, au amekufa na anangoja kurudishwa. Hayo nilijifunza mjini Kasongo nikiwa nimekaa kwenye mkeka, miezi minne na siku kumi, bila kuona hata picha moja.

Mume wangu alikufa kwa pikipiki njia ya Wamaza. Alikuwa amepakia mafuta ya mawese, mvua ilinyesha, daraja la magogo likateleza. Sitaki kulizungumza sana. Waliniletea viatu vyake kabla ya kumleta mwenyewe, na mpaka leo sijui ni nani aliyeona kwamba hiyo ni akili.

Sisi watu wa dini wa mjini Kasongo, mjane hukaa eda. Dini imeweka kiasi chake, na wakwe wakaongeza chao. Dini inamruhusu mjane kutoka mchana akiwa na haja. Mama mkwe hakuona haja. Nikitaka kwenda sokoni alisema, "Weye kaa. Mutu wa eda hatafutake mboga. Mboga itakuya yenyewe." Na kweli ilikuja, na mimi nikakaa. Chumba changu kilikuwa hatua sita kwa nne, nilizihesabu vizuri sana, na dirisha moja linaloangalia jiko, ambako mama mkwe alikaa kutwa akiniangalia kwa kisingizio cha kuangalia chungu.

Nilikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo ni kurudi kwetu Kabambare eda ikiisha. Mama yangu yuko kule, kuna shamba, kuna chumba changu cha usichana. Nilitaka kukaa muda bila kuwa mke wa mtu. Lakini nilijua tangu siku ya mazishi kwamba wakwe wana mpango wao. Mume wangu alikuwa na mdogo wake, hajaoa, anaishi kwenye parseli yetu, ua mmoja na sisi, na kwao mjane hurithiwa na ndugu ya marehemu ili nyumba isivunjike. Mjane ana haki ya kukataa, hilo kila mtu analisema. Tena wanalisema haraka haraka, halafu wanaanza kumwonyesha sababu mia za kutokataa. Shemeji sikumchukia hata kidogo. Sikumtaka tu, basi.

Sasa, huyu shemeji ndiye mwenye sale. Sale kwetu ni chumba cha kuchezea michezo ya televisheni. Vijana wanatoa chochote kidogo, wanacheza dakika zao, wanaondoka wakitukanana. Na sale yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta wangu. Ukuta wenyewe ni wa matofali ya udongo, tena haufiki kwenye mabati. Kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi wa mkono mzima. Kila kilichosemwa kule kiliruka kikaangukia kichwani kwangu. Matusi, vicheko, mngurumo wa gurupe inayotoa umeme, harufu ya esansi, ile petroli yake, na muziki.

Wiki ya kwanza niliuchukia muziki ule kwa roho yangu yote. Wallahi nilitamani kutupa mchi wa kinu juu ya ukuta umpate yeyote atakayempata. Hebu fikiria: umefiwa, macho yamevimba, unataka kumkumbuka mtu wako kwa utulivu, na huko kuna kijiwimbo kinachochekacheka, sekunde arobaini, kinaisha, kinaanza tena. Kinaisha, kinaanza tena. Kuna mjinga mmoja alikuwa anaanguka kwenye shimo moja kila siku baada ya shule. Nilijua ni shimo moja kwa sababu wimbo ulikatika mahali palepale, zikatoka zile sauti tatu za kushuka, tii-tii-tuu, amekufa, halafu wimbo ukaanza upya. Nikawa naongea naye peke yangu: "Ruka sasa! Ruka, mupumbavu weye!" Haruki. Anakufa. Anafufuka.

Hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Kule upande wa pili watu walikufa mara hamsini kwa siku na kufufuka kabla chai haijapoa, na wangu amelala kwenye udongo. Niliziba masikio kwa kanga nikalia mpaka kichwa kikauma.

Lakini masikio hayana mlango. Na mimi kabla ya eda nilikuwa mwalimu wa kasida. Nilifundisha wasichana wa madrasa kuimba, nikawapangia nani aanze, nani aitikie, dufu liingie wapi. Ukishazoea kazi ile, huwezi kusikia sauti mbili bila kutaka kujua ya tatu iko wapi. Kwa hiyo wiki ya pili, bila kutaka, nikaanza kuhesabu.

Shemeji alikuwa na mashine tatu. Ile kongwe ilikuwa ya kaseti za plastiki, mume wangu mwenyewe ndiye aliyeileta kutoka Bukavu walipokuwa vijana. Muziki wake ulikuwa wa sauti tatu tu na mchakacho mmoja wa kufanya kazi ya ngoma. Tatu! Nilishangaa sana nilipogundua. Mimi niliwahi kupeleka wasichana watatu kwenye Maulidi wakati wengine wanaumwa malaria, najua ni taabu gani. Hapo hakuna wa kupumzika. Sauti ya juu inabeba wimbo, ya pili inaukimbilia, ya chini inashika mwendo, na mchezaji akipata kitu au akipigwa, sauti moja inaacha wimbo inakwenda kulia "ting!" halafu inarudi mahali pake, na usiposikiliza vizuri hutajua kwamba iliondoka. Aliyetunga vile hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa na watu watatu na akawafanya waonekane kumi.

Mashine ya pili ilikuwa ya sidii. Hiyo ilikuwa na vinanda vya nyuzi, filimbi, kengele, ngoma za kweli, ingawa zilitoka kama zimefunikwa blanketi. Nyimbo zake zilikuwa ndefu, hazikuwa na haraka. Ya tatu, mpya, nyeusi, shemeji aliinunua mwaka mmoja kabla ya msiba. Hiyo ilikuwa na kila kitu. Kwaya nzima ya watu hai, tarumbeta, maspika yakitetemesha vumbi kutoka kwenye mabati likaniangukia kwenye uji. Vijana waliipenda kupita kiasi. Mimi niliona waimbaji wamekuwa wengi mno na hakuna anayefanya kazi. Kila dakika vita, kila dakika watu wanapaza sauti "aaa, aaa", na ukimwuliza mtu baadaye akuimbie hata mstari mmoja, hawezi. Sisemi mashine mpya ni mbaya. Nasema ukipewa watu mia, usiwapigishe kelele wote kwa pamoja ili ujulikane kwamba unao.

Nikagundua na jambo jingine, na hilo halikufanana na chochote nilichofundishwa. Kasida ina mwanzo, ina beti zake, ina mwisho, tunaomba dua tunakwenda kula. Muziki wa mchezo hauna mwisho. Aliyeutunga hajui mchezaji atakaa pale kwa muda gani, dakika moja au mchana kutwa, basi anautengeneza ili mkia wake uingie kwenye kichwa chake bila mshono. Ni muziki uliotungwa kwa ajili ya mtu aliyekwama. Unatakiwa umsindikize bila kumchosha na bila kumharakisha mpaka apate njia. Siku nilipolielewa hilo niliacha kuziba masikio.

Katikati ya mwezi wa pili, wanawake wa jirani wakaanza maneno. Walikuja kunipa pole, wakakaa, wakainua shingo kuelekea ukutani. "Nyumba iko na eda, na ngoma inalia kutwa? Iyo adabu ya wapi?" Mama mkwe akajibu kwa ukali, "Ngoma gani? Iko mashine." Lakini aliogopa. Nyumba ya eda haipigwi muziki, hilo halina mjadala. Na sale ndiyo iliyokuwa ikitulisha wote tangu mume wangu alipokufa. Akaona afadhali amwite mwalimu wa msikiti, aamue yeye, watu wanyamaze.

Mwalimu alikuja baada ya alasiri. Alikaa uani kwenye kiti, mimi nikiwa ndani nyuma ya pazia. Kule sale walikuwa wanacheza, kama bahati mbaya, ule mchezo wa sidii wenye wimbo nilioupenda kuliko zote. Ulikuwa wa filimbi na kinanda cha nyuzi, wa polepole, na sauti ya chini ilichelewa kidogo kila mara, mpaka unaisubiri kwa kifua. Mwalimu akasikiliza muda mrefu. Alikuwa mzee mwadilifu, sitasema vingine. Akasema, "Mimi sijue mambo ya iyi mashine. Gurupe inanguruma, nayo si muziki. Kuku analia, naye si muziki. Lakini humu ndani iko mutu mwenye sikio kunishinda." Akaniita nyuma ya pazia. "Binti yangu, weye njo mwalimu wa kasida. Utuambie kwa haki. Iko muziki, ao iko makelele?"

Mama mkwe akakohoa. Sikuhitaji kikohozi chake. Nilijua nikisema ni muziki, sale itafungwa siku ileile, na nitabaki na zile hatua sita kwa nne na kimya, karibu miezi mitatu. Nilifikiria kimya kile. Sikuwafikiria wakwe wala chakula chao, nisijisingizie wema.

"Makelele, mwalimu," nikasema. "Iko makelele ya mashine tu."

Mwalimu akasema alhamdulillahi, jambo limekwisha. Siku ile nililetewa sombe, majani ya muhogo, yenye samaki wa Nyangwe, kipande cha kichwa, na mama mkwe akaniita "mama" kwa mara ya kwanza. Niliila yote. Nilikuwa nimemdanganya mtu aliyeniamini kwa kazi yangu, kwa kitu pekee ninachokijua duniani, na sombe ilikuwa tamu.

Mwezi wa tatu nikafanya kosa. Nilikuwa napukuchua karanga asubuhi, mawazo yako mbali, na nikajikuta naimba kwa pua ule wimbo wa filimbi. Sio kwa nguvu, kwa pua tu. Upande wa pili shemeji alikuwa anafagia. Nikasikia ufagio umesimama. Nikanyamaza. Ufagio ukakaa kimya muda, halafu ukaendelea.

Kesho yake asubuhi gurupe ikawashwa. Nikashangaa, maana vijana hawaji kabla ya shule kutoka, na esansi si maji ya mtoni. Halafu ukaja ule wimbo. Hakuna aliyekuwa anacheza. Hapakuwa na kufa wala kufufuka, hapakuwa na "ting". Ni wimbo tu, unazunguka, sauti ya chini ikichelewa, mpaka karibu na adhuhuri. Keshokutwa yake tena. Siku iliyofuata tena.

Nikajiambia anajaribu mashine. Kila asubuhi nikajiambia hivyo. Mtu mzima anaweza kujiambia kitu mwezi mzima na asijicheke. Shemeji mwenyewe hakuwahi kunisemesha. Alipopita uani alikohoa kwanza ili nishushe pazia, na alipita akiangalia miguu yake. Na mimi, kwa kuwa nilidhani hakuna anayenisikia, nikawa naimba nao. Nilikuwa nikilia asubuhi tangu msiba, ndiyo saa yangu mbaya, saa aliyokuwa akiondoka na pikipiki. Mwezi ule nililia kidogo zaidi.

Siku ya kutoka eda niliogeshwa, nikavishwa kitenge kipya, nikafukizwa udi. Mjomba wangu alikuwa amefika kutoka Kabambare na pikipiki ya kukodi, matope mpaka magotini, mwendeshaji anamngoja nje ya lango. Tukakaa uani: mwalimu, mama mkwe, shemeji, mjomba na mimi. Baada ya dua, mama mkwe akasema lile nililolijua. Nyumba ya marehemu isivunjike, mdogo wake yuko tayari, mimi nimeshazoea hapa.

Nikasema nashukuru kwa wema wote, lakini ninarudi kwetu.

Mama mkwe hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alijipepea na ukingo wa kanga, akamgeukia mwalimu, sio mimi. "Mwalimu, uyu anasema hapana kwa kinywa. Lakini mimi nakaa jikoni, nasikia. Kila asubuhi mutoto wangu anapiga, na uyu anaitika. Anapiga, anaitika. Mwezi muzima. Mutu akiitwa na akiitika, tena unatafuta jibu gani?"

Loo. Mjomba akaangalia chini. Nikaona jinsi mlango ulivyojifunga, tena niliufunga mwenyewe kwa sauti yangu mwenyewe. Mjane aliyeimba na mwanamume ng'ambo ya ukuta. Nani Kasongo nzima angesema huyo hajakubali? Nani angemsikiliza mjomba wangu na matope yake?

Mwalimu akaniuliza, taratibu, "Ulikuwa unaitika nini, binti? Si uliniambia iko makelele?"

Nikamwangalia. Halafu nikauona upenyo, na nikaukimbilia bila kuangalia nani amesimama njiani.

"Nilikudanganya, mwalimu. Si makelele. Ni muziki, tena muziki mzuri, kuna mtu aliutunga kwa akili yake yote. Nilikuficha kwa sababu niliutaka." Nikamgeukia mama mkwe kidogo. "Na kama ni muziki, na kama aliniwekea mimi kila asubuhi kuniita, kama mama anavyosema, basi aliniposa nikiwa ndani ya eda. Hilo dini inasemaje?"

Kila mtu pale alijua dini inasemaje. Mjane haposwi waziwazi kabla eda yake haijaisha. Mama mkwe akaacha kujipepea. Alikuwa amekileta mwenyewe kitu cha kunifunga, na sasa kilikuwa mkononi mwangu.

Mwalimu akamgeukia shemeji. "Ni kweli? Ulimuwekea yeye?"

Angeweza kusema alikuwa anajaribu mashine. Nilimwandalia hata mimi kichwani, nilikuwa nimelitumia neno hilo mwezi mzima, lingemtosha. Lakini alisema, "Ndiyo, mwalimu. Nilimuwekea yeye."

"Kwa kumuposa?"

Shemeji akakaa akiangalia mikono yake. Alikuwa na mafuta ya gurupe kwenye kucha. "Alikuwa analia," akasema. "Kila asubuhi alikuwa analia. Nikiweka ile, anaacha."

Nilisikia mwendeshaji wa pikipiki akicheka na mtu nje ya lango. Neno moja kutoka kwangu lingetosha. Ningesema, mwalimu, huyu hakuniposa, hakunitumia hata salamu, alinionea huruma tu. Lilikuwa kwenye ulimi. Lakini nikilisema, posa yao ingesimama safi, na mimi ningerudi kwenye zile hatua sita, mara hii kwa maisha. Nikabana midomo.

Mwalimu aliamua kama haki ilivyoonekana mbele yake. Posa imeingia uchafu, imeanguka, binti aende kwao kwa amani. Na kijana, kwa kupiga muziki ndani ya nyumba ya eda na kuuelekeza kwa mjane, afunge sale yake, afunge na saumu, amwombe Mungu msamaha. Shemeji akasema amekubali. Hakuniangalia. Nilipopanda pikipiki nyuma ya mjomba, yeye alikuwa tayari anatoa televisheni, ameikumbatia kifuani, anapita nayo mlangoni kwa ubavu.

Safari ya Kabambare ilituchukua siku mbili kwa ile mvua na matope. Nilipofika mama alinishika uso kwa mikono miwili na nikasikia nimeokoka. Nilisikia hivyo wiki nzima.

Sasa imepita miaka. Nalima, nafundisha wasichana wachache kasida, na barabara ikiharibika, au kukiwa na habari mbaya za watu wenye silaha, tunakaa Kabambare kama tulivyo, hakuna anayeingia wala kutoka. Nimezoea kukaa. Ninayo simu, na mtandao ukipatikana karibu na mnara natazama vitu. Siku moja nikakuta ukumbi mkubwa mahali fulani Ulaya au Japani, watu wamevaa nguo nyeusi, violini hamsini, mwenye fimbo mbele, na wanapiga nini? Wimbo wa ile mashine ya kaseti! Ule wa mjinga wa shimo! Watu elfu wamekaa kimya wamevaa vizuri, na mwanamke mmoja anajifuta machozi. Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni. Akaangalia, akauliza, "Awa wanafiwa na nani?" Nikamwambia, mama, hawajafiwa, wanasikiliza mchezo. Akarudi jikoni akitikisa kichwa.

Lakini mimi niliendelea kuangalia. Kumbe huko duniani swali la mwalimu lilishajibiwa zamani. Wanaotunga wanajulikana kwa majina, wanapewa tuzo, watu wazima wanaandika kurasa kueleza zile sauti tatu zilifanyaje kazi ya kumi. Niliyoyavumbua kwenye mkeka, nikidhani ni wazimu wa mjane, yameandikwa na wasomi. Nilifurahi, na nilikasirika pia, sijui nilimkasirikia nani.

Tangu siku hiyo natafuta ule wimbo wa filimbi. Nimesikiliza mamia. Michezo ya sidii ya wakati ule, mmoja baada ya mwingine, kila ninapopata mtandao. Haumo. Ninao kichwani mzima, na kwa kuwa haukutengenezwa uishe, hauishi. Nalima nao, napika nao, naingia nao kwenye swala, astaghfirullah. Sijui jina lake. Sijui mchezo wenyewe ulihusu nini, kama ni mtu anatembea msituni au amekaa tu nyumbani. Jina naamini lilikuwa limeandikwa kwenye sidii, na mtu aliyeishika kila asubuhi ni mmoja tu.

Mwezi uliopita nilipata namba yake. Nilikaa na ile namba siku tisa. Siku ya kumi, mchana, nikapiga nikiwa nimesimama shambani ili mama asisikie.

Alipokea. Nikasema ni mimi. Akasema, "Shemeji. Habari ya kule?" kwa adabu ileile. Tukaulizana mvua, tukaulizana wazee. Mama mkwe alikuwa hai, anaumwa miguu. Yeye anauza sabuni na chumvi sokoni. Hajaoa, sikumwuliza, alisema mwenyewe, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku tisa. Kilichotoka ni hiki: "Shemeji, ule wimbo wa asubuhi. Ule mchezo uliitwaje?" Na kabla hajajibu nikamwimbia, kwa pua, wote, mpaka pale sauti ya chini inapochelewa. Nikasimama hapo.

Nilimsikia anapumua. Halafu, polepole sana, akaishusha ile sauti ya chini, kwa pua, mahali pake kabisa, wala hakuiwahi wala hakuichelewesha kupita kiasi.

"Jina nimelisahau, shemeji," akasema.

Nikamwambia si kitu. Akanitakia siku njema, nikamtakia, na tukakata.